Bastola ya Velma na Shevrole ya Dub

Gazeti la kaunti hutoka Alhamisi, na Alhamisi hiyo Pamba alilifungua kabla hata hajavua kofia.

"Jamani! Bahati nasibu ya zimamoto imeshachezwa!"

Kijiwe kizima kikamgeukia. Kijiwe chenyewe ni benchi moja na viti viwili vya plastiki, katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, dukani kwa Lurleen, mjini Quillan, Texas. Hapo ndipo wanaume watatu hukutana kila siku saa kumi na mbili asubuhi kuisengenya dunia. Pamba ni huyo mwenye gazeti, kichwa cheupe tangu akiwa na miaka thelathini. Shemasi ni yule mnene, ambaye kanisani huonekana kwenye mazishi tu, tena yale yenye chakula. Wa tatu ni Dub Harkrider, fundi mstaafu wa pampu za mafuta, na asubuhi hiyo moyo wake ulikuwa unamwenda mbio kama wa kijana anayesubiri majibu ya posa.

"Soma jina," alisema Dub.

"Ngoja ninywe kahawa kwanza."

"Pamba, soma jina kabla hiyo kahawa sijakumwagia."

Zawadi ilikuwa bastola ya mia tano, yaani ya risasi yenye upana wa nusu inchi. Silinda ya matundu matano, risasi nene kama kidole gumba, uzito wa kilo mbili kasoro kidogo. Dub alikuwa na bastola za thelathini na nane, arobaini na moja na arobaini na nne, zote zimelala kwenye kitambaa chenye mafuta. Mia tano hakuwa nayo. Alikuwa amenunua tiketi thelathini, na kila usiku alikuwa akiziangalia kabla ya kulala.

"Hivi ya nini hiyo, mzee mwenzangu?" Shemasi aliuliza. "Ukimpiga nguruwe pori kwa hiyo, unaokota soseji zimeshasagwa."

"Mimi niliwahi kuifyatua moja nyumbani kwa binamu yangu," Pamba alisema. "Nikabonyeza mara moja tu. Kofia yangu ikaruka. Ya binamu ikaruka. Shamba la pili, ng'ombe akaacha kutoa maziwa."

"Acha fiksi zako wewe!"

"Wiki nzima, Shemasi! Muulize daktari wa mifugo!"

"Jina!" Dub alifoka.

Pamba alikunja gazeti, akalisogeza mbali na uso kwa kuwa miwani alikuwa ameikalia. "Mshindi ni... V. Harkrider."

"V nani?"

"Sasa unaniuliza mimi? Harkrider kaunti hii mko wangapi? Wewe, mkeo, na yule mjomba wako marehemu, Virgil."

"Virgil angeshinda ya mia tano," alisema Shemasi, "angefufuka aje kuichukua."

Dub alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Velma? Velma wangu? Alinunua moja! Moja tu! Alipeleka pai kwa zimamoto, wakamwambia mama changia, akachangia! Mimi thelathini, yeye moja!"

Lurleen, mwenye duka, alicheka hadi akalazimika kuliweka birika chini.

Mlango ukagonga kengele. Aliingia Velma mwenyewe, mama mfupi mwenye koti la jinzi, kisanduku cheusi kwapani. Akakiweka juu ya gunia.

"Walinipigia simu Jumanne," alisema. "Jana nimekwenda kwa muuza bunduki, nimejaza fomu, nimekabidhiwa. Nzito kama mtoto wa jirani."

"Jumanne! Na hukuniambia?"

"Ulikuwa bandani, mume wangu. Uko bandani tangu mwaka ule."

Hapo hakuna aliyebisha. Miaka tisa Dub alikuwa bandani akiifufua Shevrole ya mwaka hamsini na tatu, pikapu aliyoikuta imelala kichakani na mti umeota kwenye injini. Aliipiga msasa kwa mkono, akaipaka kijani kibichi, akaitandika nyuma mbao za mwaloni zinazong'aa kuliko meza ya gavana. Eksozi aliiwekea mbili. Tangu ilipokamilika hakuna aliyewahi kuishika usukani isipokuwa yeye, na yeye aliiendesha mara moja kwa mwaka, siku ya gwaride la uhuru, polepole, nyuma ya watoto wa baiskeli.

Velma alifungua kisanduku. Dub akaichukua bastola, akafungua silinda, akachungulia matundu yote matano, tupu, akampa Pamba. Pamba naye akafungua, akachungulia, akampa Shemasi. Shemasi akafungua, akachungulia, akampa Lurleen, na Lurleen akafanya vilevile. Hapa huwezi kumwamini hata mama yako kwamba bunduki haina risasi, na mama yako hawezi kukuheshimu ukimwamini.

"Ilivyo tamu kushika!" Shemasi alinong'ona.

"Tazama huo mtutu, jamani, bomba la maji!"

"Velma," alisema Dub, "tubadilishane."

Benchi likakaa sawa. Kubadilishana ni ibada ya pale. Ukitamka na ukashikana mkono mbele ya mashahidi, basi, hata upepo hauligeuzi jambo. Shemasi aliwahi kutoa boti nzima akachukua kiti cha farasi, na farasi hana, na mpaka leo hajafungua mdomo kulalamika.

"Unanipa nini?" Velma aliuliza.

"Chochote! Chagua chochote kilichomo bandani mwangu!"

Mkono ukanyooshwa. Ukashikwa. Ukatikiswa mara mbili.

"Haya," alisema Velma, akiwa bado ameushika. "Nataka Shevrole."

Pamba alipaliwa na kahawa. Shemasi alimpiga mgongoni huku yeye mwenyewe anafuta machozi ya kicheko.

"Hapana, hapana, ngoja," alisema Dub. "Nilimaanisha vitu! Ile si kitu. Ile ni mtu wa nyumbani!"

"Mtu wa nyumbani analala wapi?" Lurleen aliuliza.

Dub akameza mate. "Bandani."

"Shahidi wa kwanza, mimi," alisema Pamba.

"Shahidi wa pili," alisema Shemasi. "Pole sana, ndugu yangu. Sasa unajua nilivyoiaga boti yangu."

Dub aliuvua ufunguo aliouvaa shingoni kwa mnyororo. Aliutazama, akampa Velma kweli. Mtu anaweza kuitwa mambo mengi Quillan na akaendelea kuishi, lakini si aliyekana mkono wake. Velma akaondoka na kigari chake kidogo kuelekea nyumbani, ng'ambo ya reli.

"Hajui kuvuta choku injini ikiwa baridi," Dub alianza kuhema. "Hajui kama kianzio kinakanyagwa kwa mguu. Ataunguza klachi! Ataingiza gia ya kwanza kama anafungua kopo!"

"Nani alikuwa anakushikia tochi miaka tisa?" Lurleen alimuuliza.

Bastola ya mia tano ilikuwa pajani pake na alikuwa hajaitazama tangu ufunguo utoke.

Dakika ishirini baadaye ilisikika. Kwanza mngurumo mdogo upande wa reli, halafu ukatua, gia ya pili, ukajaa barabara nzima. Dub alitoka nje akasimama kwenye changarawe, wenzake nyuma yake. Pikapu ilitokea kwenye kona ya benki ikiwa na jua la asubuhi ubavuni, kijani kinawaka, eksozi mbili zikipokezana sauti, na Velma akiwa amening'iniza kiwiko dirishani. Ikawapita. Gia ya tatu iliingia bila hata kukwaruza.

Dub alibaki kinywa wazi. Miaka tisa, na hakuwahi kuiona inapita. Kila ilipotembea, yeye alikuwa ndani, anatazama kipimo cha joto na kusikiliza kasoro. Hakujua kwamba kwa nje inaimba hivyo.

Velma aligeuza kwenye ghala la nafaka, akarudi, akasimama mbele yao.

"Dub, uso wako unanitia huruma. Nipe bastola, uchukue ufunguo wako. Mashahidi watasamehe."

"Sisamehe," alisema Pamba.

"Umeisikia ilivyoitika pale benki?" Dub aliuliza.

"Nimeisikia."

"Basi pita tena. Ila pale kanisani achia pedali ya mafuta kidogo, halafu kanyaga!"

Alipita tena. Wakatoa benchi nje. Akapita mara ya tatu, Shemasi akavua kofia. Mara ya nne Lurleen alimpakilia magunia manne ya chakula cha kuku juu ya mbao za mwaloni, na Dub alisikia zikikwaruzwa, akafumba macho, akavumilia. Mara ya tano Velma alipunga mkono, akapita kanisa, akapita ghala la nafaka, akaendelea.

Wakasubiri. Saa moja ikapita. Ikaingia ya pili.

"Amekuacha," alisema Shemasi kwa upole. "Ila kwa gari zuri."

Simu ya Dub ikalia. Akaiweka spika.

"Dub, niko Abilene kwa dada yangu," alisema Velma. "Barabarani hii kitu inapaa! Nitarudi Jumapili. Chakula cha kuku nimekuja nacho, kuku wapikie wali."

Dub alivuta pumzi, akaikamata simu kwa mikono miwili.

"Sawa, mke wangu. Injini umeshaizima?"

"Bado."

"Basi usiizime. Peleka simu nyuma, karibu na eksozi, halafu mwambie dada yako akanyage."

Wote wanne wakainamisha vichwa juu ya simu.