Kozi ya Stima

Jumatatu, 12 Mei

Mwezi wa saba wa giza la moyo. Daktari amesema vidonge peke yake havijaniinua, na hilo mimi Wesonga nililijua bila digrii. Sasa kuna mpango. Kila siku ya kazi, wiki sita, niketi kitini, sumaku inigonge kichwani, na vidonge niendelee navyo. Vyote pamoja. Nikauliza kama nitapona. Akasema huenda. Huenda!

Masinde, msimamizi wa jengo letu hapa Tassia, alinisimamisha langoni. Akauliza, siku hizi naenda wapi asubuhi na shati la pasi, na kibanda changu cha mapazia sokoni Gikomba kimefungwa? Nikababaika. Nikasema nasomea kozi ya stima, ufundi wa umeme. Si uongo mtupu. Stima ipo. Inapitia kichwani.

Jumanne, 13 Mei

Habari zimefika ghorofa ya tano. Mama Sundus, anayeuza viazi karai langoni, ameleta pasi iliyoungua. Wengine wameleta redio mbili na birika. Sijui hata waya upi ni upi.

Mke wangu Nerima ameniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba naumwa. Nikamwambia watu wakijua, nitaitwa mwendawazimu hadi Gikomba. Akasema hataki kozi wala mapazia. Anataka niketi mezani nile naye na binti yetu Marion. Sijaketi hapo tangu Novemba. Nikageukia ukuta.

Nimevitoa vidonge kwenye pakiti na kuvificha ndani ya kopo. Juu nimeandika FYUZI. Akili ninayo bado!

Alhamisi, 15 Mei

Mashine ya sumaku hugonga ko-ko-ko kama fundi wa mabati. Nesi Lydiah anasema tuvumilie, matunda huja polepole. Mimi sioni kitu. Nilitoka nikiwa mzito vilevile.

Nyumbani, kopo halipo! Taa za ngazi zilizimika, Masinde akapanda kuomba fyuzi, na Marion, mtoto mwenye adabu, akampa kopo zima. Nitamwambiaje anirudishie? Nimekaa kitandani nikijichukia.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya pili bila kidonge. Kichwa kinazunguka. Nililia kwa sababu ya soksi. Sikuweza kuamka, kwa hiyo mashine nayo nimeikosa. Nesi Lydiah alipiga simu. Akasema vitu hivi viwili vinasaidiana, nisiviache ovyo, na kama kuna shida ya dawa niseme, atanisaidia. Alikuwa mpole kabisa. Nikamwambia niko bize, natengeneza stima.

Jioni Masinde akaja juu akifoka. Fyuzi zangu ni feki! Ameiloanisha moja ili iingie vizuri, ikayeyuka. Akasema chuo changu ni cha matapeli. Nikakubali. Ngazi bado ni giza, na mimi pia.

Jumapili, 18 Mei

Mama Sundus alibisha hodi akiwa na kopo chini ya leso. Nikadhani amefuata pasi yake. Hapana. Alimkuta Masinde akiwaonyesha watu fyuzi za ajabu, akazijua mara moja. Alimeza kama hizo mwaka mzima baada ya kumzaa Sundus. Kwa Masinde alisema tu kwamba ni mzigo mbovu kutoka ng'ambo.

Aliniambia, Baba Marion, pole sana. Hivyo vilivyoshikwashikwa usivimeze, mpigie nesi kesho akupe vingine. Nenda kwenye mashine. Na useme ukweli, maana kuficha kunachosha kuliko ugonjwa.

Nililia mbele ya mke wa watu. Kisha nikaenda mezani. Nikala matonge matatu ya ugali. Marion aliyahesabu kwa sauti. Nerima akajifanya anatafuta chumvi ili tusimwone uso.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia Nesi Lydiah yote. Hakucheka sana. Alizungumza na daktari, nikapewa pakiti mpya na maelezo ya kuanza tena. Nikaketi kitini, ko-ko-ko. Akasema wiki haijapotea. Nikatoka nimeapa: uongo basi!

Langoni, Masinde akauliza mbele ya watu naendeleaje na chuo cha fyuzi za kuyeyuka. Mama Sundus akaniangalia juu ya karai lake, akatikisa kichwa kunipa moyo. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Naumwa. Neno moja!

Nikasema stima nimeacha. Siku hizi nasomea mabomba.

Mama Sundus aligeuza viazi bila kuniangalia tena.

Sasa ni saa moja. Watu wanne wako mlangoni, mmoja na ndoo. Vidonge vipya viko ndani ya kopo, juu nimeandika MIPIRA YA BOMBA. Nerima ameita, ugali uko tayari, na Marion ameniwekea kiti. Nimewaambia waanze kula tu. Natafuta spana.