Kabureta ya Marehemu

Injinia alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja, macho ameyafumba, spana kaiweka kifuani, akifanya kile alicholipwa kukifanya, yaani kuonekana yuko kazini. Alipofumbua jicho moja kuangalia kama jua limesogea, akaona viatu.

Vilikuwa viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi hadi vikang'aa, na juu yake soksi zilizovutwa sawasawa. Injinia hakusoma sana, lakini kwenye viatu alikuwa profesa. Mwenye viatu vya namna hii huja gereji na pochi nene na maswali machache. Akajisukuma nje, akajipangusa mikono iliyokuwa safi tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye Injinia?"

"Ndivyo watu wanavyosema. Mimi mwenyewe sipendi makuu."

Cheo hicho alijipa mwenyewe, akakitangaza mwenyewe, na watu wakikisahau aliwakumbusha. Mzee alivua kofia, akajipepea nayo. Akasema yeye hukusanya magari ya kale, anayo ukumbi mzima, yote yanatembea isipokuwa moja. Hilo moja linataka kabureta ya asili, ile iliyotoka nayo kiwandani, yenye nyota imegongwa ubavuni.

"Hizi mpya za kuiga zinazouzwa madukani sizitaki hata kuziona," alisema. "Nataka yenyewe. Hata kama imechoka, mimi nitaifufua."

"Na bei, mzee?"

"Utakayotaja."

Mtu mwenye akili timamu akisikia neno hilo hurudi nyuma hatua mbili na kushika mfuko wake. Injinia alisogea mbele. Wakakubaliana mzee apitie tena kesho alasiri, na viatu vikaondoka zake vikikwepa madimbwi ya oili.

Sasa tumseme kidogo, maana hayupo hapa kutukatiza. Gereji yake ilikuwa ua wa nyuma wa duka la spea la shemeji yake, mume wa dada yake. Chumba alicholala kilikuwa cha shemeji. Chakula kilikuwa cha shemeji, kwa mkono wa dada. Biashara yake ilikuwa moja, na aliifanya kwa ustadi: mteja akija na gari la zamani linalokohoa, Injinia aliitoa kabureta, akaiosha kwa petroli, akaipulizia rangi ya fedha, akairudisha palepale na kumwuzia mwenyewe kama mpya. Gari lilitulia kwa siku chache, muda wa kutosha mteja kusimulia sifa zake kwa mteja mwingine.

Kwamba Injinia aliujua ufundi kwelikweli, hiyo ilikuwa siri. Ujanani alikaa miaka chini ya fundi mkali, akatoka hapo anaweza kufungua injini na kuifunga huku anapiga soga. Lakini aligundua mapema kwamba mtu akijulikana anaweza, hapumziki tena. Kwa hiyo nyumbani kwa dada yake alijifanya hajui hata kukaza skrubu, na kwa ujinga huo aliishi vizuri mno.

Tatizo ni kwamba shemeji alikuwa amechoka. Wiki ileile alimwita dukani, akamwambia kwa upole wa kutisha: "Shemeji, kile chumba nataka niweke matairi."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Hilo ndilo swali. Nisikilize. Ukifunga hata spea moja kutoka dukani kwangu, moja tu, mteja akaja mwenyewe kuniambia imefungwa vizuri, na hela yangu nikaiona, utabaki. Vinginevyo Jumamosi matairi yanaingia, na wewe unatoka."

Siku hiyo ya kuja kwa viatu ilikuwa Alhamisi.

Kesho yake asubuhi, Injinia akipiga mswaki uani, lilisikika gari linakuja kwa kikohozi. Lilikata kona likitoa moshi mweusi, likapiga kishindo, likazimika getini lenyewe bila kuombwa. Akashuka mama wa makamo, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, uso wa mtu aliyekwisha kulia na sasa ana shughuli nyingine.

"Wewe ndiye unayeosha kabureta?" aliuliza.

Injinia alifungua boneti. Akatoa kopo la chujio la hewa lililofunika kabureta, akainama, akaona. Pembeni, chini ya vumbi la miaka mingi, ilikuwepo nyota. Mswaki ukamdondoka.

"Gari la marehemu mume wangu," alisema mama. "Naomba uioshe tu. Wamesema ukiosha linatulia. Nitakulipa sasa hivi."

Iandikwe mahali fulani, kwa heshima yake, kwamba siku hiyo Injinia alikataa kuosha kabureta. Alikunja uso. Akaitikisa ile kabureta kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa.

"Mama, hii haioshwi. Imelika ndani. Ukiendelea nayo, siku moja gari litakuwakia moto barabarani."

"Basi nifanyeje mimi mjane?"

"Dukani hapo mbele ipo mpya. Si ya kiwanda kile, lakini inaingia. Nakufungia."

"Sina hela ya mpya."

"Nani ametaja hela? Niachie hiyo kuukuu, nikupe mpya. Tunabadilishana."

"Bure?"

"Bure kabisa. Ni kampeni."

"Kampeni ya nini?"

"Ya usalama barabarani," alisema Injinia, na alivyolisema ungedhani yeye ndiye aliyezileta barabara duniani.

Mama akaweka mkono juu ya ile kabureta. Marehemu, alisema, hakuwahi kuigusa bila kunawa. Alikuwa akiongea nayo. Kuiacha hivihivi gereji, kwa mtu asiyemjua, roho inamuuma. Ila kama gari litawaka vizuri, likaenda kama enzi za marehemu, basi labda hata yeye mwenyewe huko aliko atafurahi.

"Lakini likikohoa hata mara moja," alimaliza, "naondoka na kabureta yangu, na wewe ubaki na kampeni yako."

Injinia alikimbia dukani. Kabureta mpya ilikaa kwenye kabati la vioo, peke yake, na shemeji aliifuta vumbi kila asubuhi.

"Mteja yupo," Injinia alihema. "Leo hii anakuja mwenyewe kukuambia. Hela yako utaipata jioni."

Shemeji alimpima kwa macho. "Jioni ya leo?"

"Kabla hujafunga duka."

Hesabu ilikuwa rahisi. Mzee wa kofia anakuja alasiri, bei anaitaja Injinia mwenyewe, shemeji anapewa chake, chumba kinabaki, na kinachozidi hakimhusu mtu. Hata mjane alipata kabureta mpya. Kwa mara ya kwanza Injinia alikuwa ameunda ulaghai ambao kila mtu anafaidika nao, na jambo hilo lilimtia kiburi.

Tabu ilianza alipoishika spana. Kabureta za kuiga zina tabia ya kufanana na za asili kwenye boksi tu. Alipofungua nati, akaitoa ya zamani na kuziba tundu la injini kwa kitambaa kisidondoke kitu ndani, akaiweka mpya juu yake: matundu ya bolti hayakukutana. Angekuwa mteja mwingine, angefunga bolti mbili na kumwombea safari njema. Lakini mama alikuwa amevuta kiti, amekaa, ameipakata ile kabureta ya marehemu mapajani, na haonyeshi dalili ya kuchoka.

Ikabidi Injinia akate kibao cha aluminiamu cha kukaa katikati, akakitoboa matundu ya chini yakifuata injini na ya juu yakifuata kabureta, akakipiga msasa hadi kikalala sawa pasipo kuruhusu hewa kupenya. Akakata gasketi mbili kwa mkono. Akakuta waya wa pedali ya mafuta hauvutiki vizuri kwa sababu mkono wa kabureta mpya uko upande mwingine, akatengeneza kishikio kipya. Jasho lilimtoka sehemu ambazo alishasahau kuwa zinatoa jasho.

"Na huu mpira wa petroli mbona umepasuka?" aliuliza mama.

"Nitaubadilisha."

"Marehemu alikuwa akisafisha na plagi."

"Nitasafisha na plagi, mama."

"Alikuwa akifuta na kioo."

Injinia alifuta kioo.

Wakati wa kuwasha, gari lilirudisha moto, pah! na kope za Injinia zikapungua. Akainama tena, akashika bisibisi, akaikaza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli taratibu hadi injini ikaanza kuyumba, kisha akairegeza kidogokidogo, sikio limeelekea chini, ulimi umetoka nje. Injini ikatulia. Ikatulia zaidi. Ikafika mahali ikanguruma laini, bila kuruka hata pigo moja, na bilauri ya maji iliyowekwa juu ya betri haikutikisika. Injinia alisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na furaha, furaha ya aibu, na akaangalia huku na huku kama kuna mtu amemwona.

"Limewaka," alisema mama, sauti imemlainika. Akaibusu ile kabureta kuukuu, akamkabidhi Injinia kwa mikono miwili. "Acha nilizungushe kidogo. Jioni nitapita kwa mwenye duka, nimwambie mwenyewe, kama ulivyoniomba."

Injinia alioga. Akavaa shati lenye kola. Akakaa kwenye benchi mbele ya duka, kabureta ya nyota imefungwa kwenye gazeti mapajani, akafanya mazoezi ya kutaja bei. Mara ya kwanza alicheka mwenyewe, akaipandisha.

Alasiri ikaja, mzee hakuja. Vivuli vikavuka barabara. Shemeji alitoka mara ya kwanza kumwaga maji mlangoni, mara ya pili kuangalia tu, mara ya tatu akatoka na kufuli mkononi.

"Shemeji, jioni ndiyo hii."

"Anakuja."

"Mteja au hela?"

Kabla hajajibu, kwenye kona likaingia lile gari. Lilikuja kimya, likinguruma kwa adabu, moshi hakuna. Mama alikuwa kwenye usukani, kitambaa cheusi hakipo, amevaa chekundu. Pembeni yake, kofia magotini, alikaa mzee wa viatu.

Injinia alisimama kwa furaha. Kumbe kapewa lifti! Halafu akaona jinsi mkono wa mzee ulivyolala begani kwa mama, na furaha ikaanza kumtoka polepole.

"Mwenye duka," mama aliita, "nimekuja kutoa ushuhuda. Kijana wako amenifungia kabureta, sijapata kuona fundi kama huyu. Mume wangu hapa shahidi."

"Mume?" Injinia alitoa sauti nyembamba. "Si ulisema marehemu?"

"Amepata nafuu," alisema mama. "Tunamshukuru Mungu."

Shemeji hakuwa na habari na marehemu. Alikuwa amefungua boneti, ameinamisha kichwa, anasikiliza na kukagua kile kibao cha aluminiamu na kishikio cha waya. Aliuza spea maisha yake yote, na sikio lake halikudanganyika. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayesikia wimbo mtamu nyumbani kwa jirani asiyempenda.

"Imefungwa vizuri," alikiri. "Vizuri sana. Na malipo?"

"Tumeshamalizana na fundi. Kabureta kwa kabureta. Kwani hajakuambia?"

Mzee alitoa kichwa dirishani, akamwita Injinia karibu, akamnong'oneza bila ubaya wowote: "Usinichukie, mwanangu. Mtaa mzima unajua kwamba mtu akikulipa, unaosha. Tukaona njia ya kukufanya ufunge ni moja tu, uwe na hamu ya kutuibia."

Injinia angeweza kupiga kelele kwamba ametapeliwa. Lakini shemeji angeuliza ametapeliwa nini, na jibu lingekuwa kwamba alitaka kumlaghai mjane akauze urithi wake. Gari likaondoka, na hata lilipopanda kile kilima cha sokoni halikukohoa.

Shemeji alinyoosha kiganja. Injinia, kwa kukosa kingine, akaweka juu yake lile gazeti. Shemeji akafungua, akaigeuza kabureta kuukuu huku na huku, akaona nyota, akaona ilivyolika.

"Hii haiuziki hata kwa kilo," alisema.

"Nipe siku mbili, shemeji, nihamishe vitu vyangu."

"Uhamie wapi? Kaa hapohapo." Shemeji alikuwa bado anautazama ule mwinuko lilikotokomea gari. "Mtu anayekata kibao cha aluminiamu mwenyewe, anatengeneza waya, anaipanga injini mpaka inanyamaza! Kesho saa kumi na mbili asubuhi uko uani. Utafunga mpaka deni la ile kabureta ya kabatini liishe, na likiisha tutaongea kuhusu paa la duka."

"Shemeji, ilikuwa bahati tu," Injinia alisema haraka, kwa hofu ya kweli. "Mimi sijui kitu. Mwulize dada. Dada ananijua!"

Dada alikuwa mlangoni tangu gari lilipofika, mikono kiunoni. Aliyasikia yote, na sasa alikuwa anamtazama kaka yake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

"Bomba la jikoni linavuja tangu ulipohamia," alisema. "Nikakuomba, ukaniambia hujui kushika spana. Pasi. Feni. Bawaba ya mlango wa chooni, wageni wanashikilia mlango kwa mguu, na wewe umekaa sebuleni unasikiliza!"

"Dada..."

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unaweza!"

Akaingia ndani, akarudi na bisibisi.