Dar es Salaam Yote Iko Mteremkoni

Jumatatu, 5 Juni 2017

Mdomo wangu utaniua. Leo nimekwenda kwa Mzee Nzeyimana, baba yake Diane, na mkungu wa ndizi begani. Nimemkuta Renatus ameshakalia kiti kizuri! Renatus hukata tiketi za mabasi pale Nyakanazi, na anamtaka Diane kama ninavyomtaka mimi. Mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ameambiwa aende hospitali kubwa Dar es Salaam. Renatus akasema atampeleka yeye. Mzee akajibu kwamba atakayemshika mkono safari hiyo ndiye atakayemwita mkwe.

Hapo nikasikia mtu akisema kuwa Fideli ameishi Dar miaka mingi na anaijua kama kiganja chake. Mtu huyo alikuwa mimi, Fideli mwenyewe.

Mzee akafurahi sana. Tunaondoka Jumatatu ijayo. Mwisho wangu wa dunia ni Nyakanazi. Nilishuka pale mwaka juzi, nikanywa chai, nikarudi kijijini kwetu Keza.

Jumanne, 6 Juni

Nimepona! Ndassa, yule Msukuma mwenye kibanda cha video hapa Keza, ana miwani mikubwa ya kufunga kichwani. Unachomeka simu mbele, unajiona uko mjini. Ilikuwa ya shirika moja la wakimbizi. Waliitumia kuwaonyesha wageni kambi bila kuwasumbua kufika kambini. Mradi ukaisha, vitu vikauzwa.

Nimemwomba aniwekee Dar es Salaam. Nimefunga miwani. Imana, Mungu wangu! Maghorofa, lami, magari. Ukiinamia miguu yako unaona ramani, na kidoti cha buluu ambacho ni wewe mwenyewe. Nimemwona mzee mmoja kando ya barabara, nikamwamkia shikamoo ili nimuulize njia. Kimya. Nimemsogelea, uso wake una ukungu mtupu. Wengine nao vilevile, mji mzima hauna nyuso! Nimesikitika. Ndassa anasema wamefichwa makusudi. Mimi nasema ni maisha magumu ya mjini.

Alhamisi, 8 Juni

Ramani nimeitupilia mbali. Ramani ni ya watu wasio na miguu. Huku kwetu mtu akikuuliza njia unamwambia panda, shuka, vuka bonde, panda tena, naye anafika. Nimegundua Dar ni hivyohivyo. Kutoka stendi unashuka kwa muda, unakata kushoto kwa ubavuubavu, halafu unapanda taratibu mpaka geti la hospitali. Nimefanya hivyo kutwa nzima, nikizungukazunguka na miwani kichwani kwenye kibanda cha Ndassa. Sijakosea hata mara moja. Miguu yenyewe inajua.

Ndassa ameniambia aliwahi kufika Dar na hakumbuki mteremko wowote. Nimemhurumia. Wengine husafiri wamelala.

Ijumaa, 9 Juni

Renatus ni nyoka. Amemwambia Mzee kwamba watu wa kutia chumvi ni wengi, afadhali nijaribiwe kwanza. Jumapili Ndassa anapeleka vyombo vyake Nyakanazi kutafuta wateja kwenye malori. Basi nivae miwani mbele za watu, runinga ionyeshe ninachokiona, na Renatus amsomee Mzee vibao vya barabarani. Nimekubali kwa kicheko. Nimeongeza kwamba naweza kwenda hata kinyumenyume.

Diane ameniita pembeni na kuniuliza kama kweli nimewahi kufika Dar. Nimemjibu kwamba swali hilo limeniumiza. Kusema kweli limeniumiza.

Jumapili, 11 Juni

Nimeumbuka.

Nyakanazi, baraza la ofisi ya Renatus. Saruji mpya, imenyooka kama meza. Madereva, wauza mahindi, abiria wa Kahama, wote wamejaa. Nimefunga miwani, nikajikaza kisabuni, nikatangaza kwamba sasa tunashuka. Nikapapasa kwa mguu kutafuta mteremko. Hakuna! Nikageuka. Hakuna. Nikageuka tena, Dar yote ikanizunguka na sikujua tena nilikotoka. Dereva mmoja akauliza huyu anashuka kwenda wapi, saruji haina bonde.

Hapo ndipo nikaelewa. Kibanda cha Ndassa kimejengwa ubavuni mwa kilima, na sakafu yake ni ya udongo inayokwenda na kilima. Niliyokuwa nikipanda na kushuka ni Keza!

Renatus akasoma kwa sauti ya furaha. Sasa tuko njia ya uwanja wa ndege. Sasa tumerudi. Sasa mbele ni kivuko cha Kigamboni. Watu wakalia kwa kucheka. Nikaingia ndani ya sufuria ya mahindi ya mtu.

Mzee pekee hakucheka. Wakati huo mabasi ya wakimbizi kutoka mpakani yalikuwa yakipita kuelekea Kakonko, akayasikiliza mpaka yakaisha. Kisha akasema kwamba walipokimbia Burundi, yeye mtoto na mdogo wake akiwa mgongoni mwa mama yao, aliyewaongoza naye alisema anajua njia. Walitembea mpaka wakakuta majivu ya moto wao wenyewe. Yule mdogo wake hakuvuka mpaka. Akasema hana hasira nami, ila mkono wake hatanipa. Renatus atampeleka.

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa ajili ya Renatus. Kwa ajili ya yule mtoto.

Bado nimesimama na punje za mahindi miguuni, mama mmoja akapenya katikati ya watu akiuliza kuna sinema gani. Ni nesi Ildefonsa wa hospitali ya Biharamulo, alikuwa akisubiri gari. Akamshika Mzee kidevu, akamtazama macho, akauliza Dar ya nini. Madaktari bingwa wa macho wanafika Biharamulo kesho kutwa na watapasua wiki nzima!

Hakuna Dar! Nimemkumbatia nesi. Nimemkumbatia Ndassa. Nimemkumbatia hata Renatus, akakaa kama gogo.

Jumanne, 13 Juni

Biharamulo. Diane ndiye aliyemshika baba yake mkono. Mimi nimebeba beseni, blanketi na chupa ya chai. Renatus hakuja, ana mabasi yake. Mzee ameingia chumba cha upasuaji asubuhi. Nimeomba sala zote ninazozijua, nyingine nusunusu. Ametoka salama, jicho la kwanza limefungwa bandeji. Diane amelia, nami nimelia zaidi yake.

Jumatano, 14 Juni

Bandeji imetoka. Anaona! Amemtazama Diane, akamwambia amefanana na bibi yake. Amenitazama mimi kwa muda mrefu sana. Akasema kumbe ni kijana tu, kwa maneno yale alidhani ni mtu mzima. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi, 17 Juni

Tumerudi Keza. Mzee amesimama uani akitaja majirani na migomba yake mmoja mmoja. Jioni amenikaribisha mezani. Ameniambia kwamba aliyebeba beseni bila kujisifu anaweza kufikiriwa, mradi siku nyingine nisipojua kitu niseme sijui. Neno dogo tu. Nimemuahidi kwa moyo wote. Kweli nimebadilika. Nimejiona mtu mpya kabisa, mzito, mwenye busara.

Tukaendelea kula. Mzee akasema sasa anaona, angependa kwenda Mwanza kumtembelea dada yake Mukandayisenga, hawajaonana tangu ujana. Akauliza kama kuna mtu anayeijua Mwanza.

Nimemwambia nimekulia pale.

Diane amenikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu. Sijapata kumwona na furaha kiasi hicho.