Ombi la Kuteuliwa Kaimu Mama wa Boma kwa Shughuli za Mboga

Rodi Kopany,
21 Februari 1997

Kwa Bwana Momanyi, Afisa wa Kilimo

Ndugu Afisa,

Natumaini pikipiki yako inaendelea kukufikisha nyumbani salama tangu Jumapili ile uliyotuhutubia kanisani. Mimi ni Zadock Odira, fundi wa baiskeli hapa sokoni, yule aliyekufungia mnyororo wa pikipiki kwa waya. Kama waya umekatika, makosa ni ya barabara.

Siku hiyo ulisema siku ngumu zinakuja, mvua haiaminiki tena, unga unapanda bei, na kila boma lijifunze kukuza mboga nyuma ya jiko kabla njaa haijapiga hodi. Nimeyashika maneno yako kama yalivyo. Ulisema kila boma. Hukusema kila boma isipokuwa la Zadock.

Mke wangu Leonida alifariki Agosti iliyopita. Aliacha bustani ya mboga nyuma ya jiko, hatua nane kwa hatua tatu. Asubuhi alikuwa akichuma akiwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akiimba ubeti wa kwanza wa wimbo mmoja, kwa sababu ubeti wa pili hakuujua. Baada ya hotuba yako niliamua kuishika bustani hiyo mwenyewe. Yaliyonipata tangu hapo ni haya, nami nayaleta kwako kwa heshima zote.

1. Nilifukuzwa darasani. Mafunzo yako yanatolewa kwa Kikundi cha Mboga cha Tujiandae, nami nilikwenda nikiwa na jembe, kalamu na daftari jipya. Mwenyekiti wao, Mama Bonface, alinizuia mlangoni pa kanisa. Nilimweleza kwamba njaa haichagui. Akasema, "Baba Levis, sisi tukiwa kwenye matuta tunawasema nyinyi wanaume. Sasa wewe ukiwa ndani, tutamsema nani?" Nilimwambia wanaweza kunisema nikiwepo, sitajali. Akasema haitakuwa tamu.

2. Nilijifunzia dirishani, na nikapata elimu nusu. Dirisha la kanisa lililo wazi ni lile linaloelekea kinu cha kusaga mahindi. Unapofundisha, kinu nacho kinafundisha. Nilikusikia vizuri ukisema kwamba maji yaliyooshea vyombo yanafaa kumwagilia mboga. Sikusikia uliposema yasiwe na sabuni. Mimi sijazoea kuosha vyombo, kwa hiyo sabuni naitia kwa ukarimu. Sukuma zangu zilikufa zikiwa safi kuliko mboga yoyote katika tarafa hii.

Mama Bonface aliponiona dirishani alisema kwa sauti, "Hapa tunafundisha kupanda, hatufundishi kuchungulia." Akina mama wakacheka mpaka ukasimamisha somo. Nadhani unakumbuka. Ulicheka pia, lakini hilo silileti kama lalamiko.

3. Niling'oa mboga nikamwagilia magugu. Hili ni kosa langu, ila lina sababu. Leonida aliacha dek, yaani mgagani, imejiotea bustani nzima, ile ambayo kwenu Kisii mnaiita chinsaga. Bwana Afisa, mimi ni mwanaume wa hapa. Nilikatazwa kukaa jikoni tangu nilipoota meno ya pili. Kwa miaka ishirini na sita nimekutana na dek mezani tu, ikiwa imeiva na imetiwa maziwa. Sikuwahi kuiona ikiwa imesimama. Nilipokuta majani yenye nywele na harufu kali, nikasema haya ni magugu, nikayang'oa yote kwa bidii. Nikabakiza mimea mizuri yenye maua ya njano. Kwa wiki tatu niliimwagilia ile mimea mizuri. Dada yangu Risper alipokuja kunitembelea alisema, "Ndugu yangu, hata mbuzi wanaijua hii kuwa takataka. Wewe umeijengea uzio."

4. Omena. Ulisema udongo ulishwe vitu vilivyooza. Nilikwenda mpaka Homa Bay ufukweni, nikapewa madebe mawili ya dagaa wa omena walioharibika, nikayamwaga bustanini. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na paka wa soko zima, mbwa ambao sijui wenyewe, na korongo wawili wakubwa wa machinjioni waliosimama kwenye matuta kama wazee wa kanisa wanaosubiri sadaka. Kuku wa jirani walichimba hata pale ambapo sikuwa nimepanda kitu. Swali langu: je, hili nalo lilielezwa ndani, upande usio na kinu?

5. Sasa nafika kwenye jambo zito. Baada ya omena, ndugu zangu walikaa kikao juu yangu. Wamesema ikifika Pasaka na bado sijaweza kujilisha, wataniletea mke. Wameshamwona, anatoka upande wa Mbita. Sifa waliyomtaja nayo ni moja: ana mkono wa mboga. Mdogo wangu Otieno aliniambia, "Omera, acha kuhangaika na daftari. Oa, upate osuga kila jioni."

Mama huyo simjui wala sina neno naye. Lakini nauliza, mtu aoe kwa sababu ya osuga, mboga ya mnavu? Kwa hesabu hiyo aliyekosa samaki aolewe na mvuvi, na aliyekosa nyama tumpeleke wapi? Na huyo mama atasema nini akifika na kukuta kwamba anayeposwa ni mkono wake tu? Mimi nyumba yangu bado haijapoa. Leso ya Leonida ipo kwenye msumari wake. Pembe moja ina fundo la mbegu alilolifunga mwenyewe, na sijalifungua kwa sababu siwezi kufunga fundo kama lile.

6. Kwa hiyo ama nijue mboga kabla ya Pasaka, ama niolewe. Samahani, nioe. Unaona hali niliyo nayo.

Baada ya kufikiri sana nimepata njia ya kisheria. Katiba ya kikundi inasema wanachama watakuwa akina mama wa boma. Sawa. Katika boma langu nafasi hiyo iko wazi tangu Agosti. Naomba tutazame serikali inavyofanya. Chifu akistaafu, anateuliwa kaimu chifu. Mwalimu mkuu akihamishwa, kunakuwa na kaimu. Hakuna ofisi inayofungwa ati kwa sababu mwenyewe hayupo. Basi naomba, kwa barua yako yenye muhuri, niteuliwe Kaimu Mama wa Boma, kuanzia tarehe moja Machi mpaka mvua ndefu iishe, kwa shughuli za mboga tu. Madaraka mengine ya cheo hicho siyadai.

Niko tayari kwa masharti yote. Nitavaa kitambaa cha kikundi kichwani, ingawa ningefurahi kisiwe chenye maua. Nitaimba wakati wageni wanapokuja. Vigelegele nimejaribu nikiwa peke yangu nyumbani, na ng'ombe waliinuka wote kwa pamoja, kwa hiyo sauti ninayo. Na wakitaka kuwasema wanaume, nitawasaidia. Ninayo mengi kuhusu Otieno.

Ukiona vigumu kuniteua, basi itakuwa haki kikundi kivunjwe, na kama hakivunjwi, kinu kihamishwe. Na kama kinu hakihami, naomba wewe mwenyewe uje nyumbani ukae nami mpaka Pasaka, useme wazi mbele ya ndugu zangu kwamba ni wewe uliyesema kila boma.

Nasalimu familia yako, wenzako wa ofisini, na pikipiki. Risper anakusalimu. Mwanangu Levis, na binti yangu Liz aliyeolewa Migori, wanakusalimu pia, ingawa hawajui nimeandika. Mfikishie Mama Bonface salamu zangu, mwambie sina kinyongo, ila afungue dirisha la upande wa pili.

Wako katika matuta,
Zadock Odira

Tanbihi: Nimesoma barua hii tena kabla ya kuitia gundi, na nimeona si vizuri kumdanganya mtumishi wa serikali. Bwana Afisa, mimi mboga sili. Sijawahi kuzipenda, na njaa hata ije namna gani nitaishi kwa ugali na omena kama nilivyo sasa. Miaka ishirini na sita nilikuwa nikizisukuma chini ya ugali na kumpa mbwa kila Leonida alipogeuka. Alijua. Alikuwa akigeuka makusudi, kisha anasema, "Mbwa wangu ana afya nzuri."

Ila kaburi lake liko kushoto kwa nyumba, nalo limeota nyasi vizuri. Bustani yake iko nyuma ya jiko, nayo imekauka. Kila asubuhi napita katikati ya hivyo viwili nikienda kazini, na sijui niangalie wapi.

Unapoandika majina ya mafunzo ya Machi, tafadhali unikumbuke.