Nyumba Mbili za Ujerumani Katika Shamba la Maharage

Jumatatu, 8 Julai 2024

Waheshimiwa mtakaokusanyika siku moja kusomewa shajara hii, katika ukumbi ambao bila shaka utapewa jina langu, naomba utulivu. Nimechaguliwa! Mwaka mzima mjini Leipzig, Ujerumani, nikichora kwa gharama za watu wengine. Mimi, Bartholomeo wa Morogoro, mchoraji.

Kasoro ni moja. Tumechaguliwa wawili. Wa pili ni Editha, mfinyanzi, ambaye nilimfundisha kushika penseli katika ukumbi wa parokia, na ambaye hadi leo ananiita mwalimu. Heshima yake hainidanganyi.

Mwenyeji wetu, Bi. Gudrun, ametuandikia. Kuna nyumba mbili ndogo katika jengo moja. Namba moja iko chini kabisa: chumba kipana, mlango mpana unaofungukia uani, dirisha moja dogo linalotazamana na ukuta wa jirani. Namba mbili iko ghorofa ya nne, wala hakuna lifti. Chumba ni chembamba, lakini ukuta mmoja wote ni dirisha. Tugawane wenyewe. Tumpe jibu moja, la pamoja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana kwa saa zetu. Tusipojibu, nafasi zetu watapewa wasanii wengine walio kwenye foleni, nasi safari yetu imekufa.

Jambo rahisi, mtasema. Ni lazima nichukue iliyo bora. Iliyo bora siijui. Lakini Editha anaijua, nimemwona machoni. Mpango basi ni huu: kugundua anayoitaka yeye, kisha kuitaka kabla yake.

Alasiri nikamtembelea. Nilizunguka kwa ustadi mkubwa. Nikauliza habari za vyungu, habari za mama yake, habari za baridi ya huko, na hatimaye, kana kwamba limenitoka tu, habari za nyumba. Akasema nichague mimi kwanza kwa kuwa ni mwalimu wake. Yeye ataridhika na itakayobaki.

Hakuna mtu mwenye nia njema anayesema hivyo.

Jumanne, 9 Julai

Nimezitazama ramani za nyumba kwenye simu hadi macho yakauma. Mistari. Mita. Mtu hawezi kuipenda mita. Ndipo wazo likanijia, kubwa kiasi kwamba nililazimika kuketi. Kwa nini nisiishi humo kwanza?

Uani ninapopanga pana nafasi ya beseni na nguo za wapangaji wenzangu. Nikaenda Bigwa kwa dada yangu Magreth, anayekaa kwenye shamba la ukoo wetu, mguuni mwa mlima. Maharage yamekwisha kung'olewa. Ardhi tambarare, safi, inasubiri msanii! Nikachukua chokaa aliyobakiza alipopaka ukuta, nikachukua kamba, nikachonga vigingi. Kabla ya chakula cha mchana Leipzig ilikuwa imesimama. Au tuseme ilikuwa imelala chini, lakini kwa vipimo kamili.

Namba moja kulia, namba mbili kushoto. Ghorofa ya nne ilinisumbua kifikra. Nikaamua kwamba kabla ya kuingia namba mbili mtu sharti apande hadi kwenye migomba na kurudi, mara nne, akiwa amebeba kreti la soda. Nikafika namba mbili nikihema kama mgonjwa. Namba moja ndiyo bora! Nikapumzika. Nikainua fremu tupu ya dirisha iliyoegemezwa ghalani, nikatazama kupitia humo: Uluguru wote, ukungu ukiteremka bondeni, mwanga ukinimwagikia hadi viganjani. Namba mbili ndiyo bora! Nikarudi namba moja ili kuhakikisha. Nikapoteza hakika zote mbili.

Magreth akaja kuuliza ninafanya nini. Nikamwarifu kwamba amesimama chooni. Akaondoka bila kuaga.

Majirani waliokuwa wakipita walisimama, wakatazama vigingi na chokaa, wakanong'onezana. Nilifarijika sana. Hatimaye umma umeanza kuielewa sanaa.

Jumatano, 10 Julai

Umma haujaielewa sanaa.

Nilipofika asubuhi, Mjomba Tomasi alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya jiko la namba mbili, na mama zangu wadogo wawili kando yake, nyuso za kikao. Alikuwa ameteremka kutoka Kinole kwa ajili hiyo. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

Kwa faida ya wageni mtakaokuwamo ukumbini: kwetu Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Shamba lile ni la mama zetu, nalo litakuwa la binti za Magreth, na msemaji wake ni Mjomba. Mimi mtoto wa kiume nina ruhusa ya kulima humo, kula humo, na kuzikwa humo. Kuligawa, sina. Na mwanamume aliyepigilia vigingi na kumwaga chokaa kwenye shamba la ukoo, mistari imenyooka, vyumba vimetengana, haonekani kama mchoraji. Anaonekana anakata viwanja. Habari ilikuwa imeupanda mlima kwa kasi ya ajabu: Bartholomeo anauza shamba ili ahamie Ulaya.

Nikajitetea kwa hotuba. Nilianza na nafasi ya msanii katika jamii. Mama mdogo mmoja akasinzia. Nikaona niache utangulizi, nikasema wazi kwamba hizi ni nyumba za Ujerumani.

"Ujerumani," akasema Mjomba, "imefikaje kwenye maharage ya dada yangu?"

Nikaeleza tena, taratibu, nikionyesha ramani kwenye simu. Kisha akainuka, akavua kandambili penye mlango wa namba moja, akaingia kwa adabu zote. Akakagua kila kona. Hakupendezwa kuona kitanda na jiko vikitazamana. Akauliza mkwe akija atakaa wapi. Nikajibu kwamba sina mkwe. Akasema kwa nyumba hii sitampata. Akaingia na namba mbili. Akauliza mwenzangu ni nani, nikamtaja Editha wa vyungu.

"Mwenye udongo akae chini. Mwenye rangi apande kwenye mwanga. Hili nalo lilitaka chokaa?"

Upesi mno! Uamuzi wa haraka namna ile hautokani na fikra, unatokana na mtu aliyekwisha kuzungumza naye. Nikakumbuka chungu cha maji nyumbani kwa Mjomba. Nani alikifinyanga? Editha. Nimeanza kuona picha nzima, ingawa imepinduka.

Mjomba ameruhusu mistari ibaki hadi Ijumaa, kwa sharti moja: mtani wa ukoo aitwe kushuhudia, ili kila mtu asikie kwamba shamba halikugawanywa.

Alhamisi, 11 Julai

Mtani wetu ni Pazi. Anashona viatu sokoni. Kwa desturi ana ruhusa ya kututukana popote na kukalia chochote chetu, nasi hatuna ruhusa ya kukasirika. Nimejitahidi miaka mingi kukasirika kwa siri.

Akafika akilia kwa sauti, akauliza marehemu gani huyu tajiri, aliyechimbiwa kaburi lenye sebule. Mama zangu wadogo wakacheka hadi wakashikana. Kisha akaingia namba moja bila kubisha, akajilaza kitandani na viatu vyake, akatangaza kwamba amehamia.

"Bartholomeo, hii si nyumba, ni pango la nungunungu. Utachora humu gizani mpaka macho yaote ukungu. Hata Wajerumani watakuchangia mishumaa."

Nikatabasamu kama inavyotakiwa. Ndani yangu akili ilikuwa ikifanya kazi kwa kasi. Zingatieni hoja hii, maana ndiyo kiini cha wiki nzima. Mtani hasemi kweli. Kazi yake ni kupindua. Amesema namba moja ni mbaya. Basi ni nzuri! Tena, angekuwa anaidharau, asingeikalia. Amepita namba mbili bila hata kuitemea mate.

Ushahidi wa mwisho ukaja kwa miguu yake. Editha alipita kutusalimu. Akawaamkia wazee, akanisalimu mwalimu wake, kisha akasimama kwenye mlango mpana wa namba moja, akapanua mikono kama mtu aliyekumbatia mzigo, akapima. Akatazama kwa muda mrefu. Akaguna kidogo, mguno wa mtu aliyeridhika. Nikamuuliza kama amependa. Akasema mlango ni mzuri, lakini uamuzi ni wangu.

Sasa ninajua! Tatizo ni kwamba nikiitazama namba moja ninasikia baridi kifuani. Nadhani ni msisimko.

Ijumaa, 12 Julai

Pazi alirudi mapema na kulala tena namba moja. Nikamwomba kwa upole aondoke, maana nataka kuichagua. Akasema nyumba ina mwenyewe. Nikamwendea Mjomba. Akanieleza, kwa subira ya mtu anayemweleza mtoto, kwamba kitu kilichokaliwa na mtani hukombolewa, hakinyang'anywi. Jogoo.

Jogoo pekee aliyekuwapo alikuwa wa Magreth, naye hakuwa ameshirikishwa. Tulimfukuza kupitia nyumba zote mbili. Alipenya kuta za Leipzig bila heshima yoyote, akatokea jikoni, akazunguka migomba, akanirudisha mahali pale pale. Saa zilikuwa zinakwenda. Editha alikwisha kufika, simu mkononi, jibu la pamoja limeandikwa tayari, nafasi imeachwa wazi ya namba yangu na ya kwake. Niliona mwaka wangu wa Ujerumani ukikimbia mbele yangu kwa miguu miwili yenye manyoya. Mama mdogo yule aliyesinzia juzi ndiye aliyemkamata, kwa khanga, akiwa ameketi.

Pazi akampokea jogoo, akainuka, akajikung'uta chokaa. Akanishika bega. "Sasa utani umekwisha, ndugu yangu. Nakwambia kweli. Chukua ya juu."

Mtani anayesema utani umekwisha! Nilikaribia kumpigia makofi. Sijawahi kuona utani uliopikwa namna ile. Nikamgeukia Editha na kutamka, kwa sauti ya kufika hadi nyuma ya umati, kwamba mimi, kwa hiari yangu, ninachagua namba moja.

Hakuandika mara moja.

"Mwalimu, una hakika? Udongo wangu nitaupandishaje ghorofa nne?"

Aliitaka! Ilikuwa imethibitika mbele ya mashahidi. Nikazungumza kwa ufasaha kuhusu sanaa na jasho, kuhusu wafinyanzi wa kale ambao hawakujua lifti. Editha alikuwa akitazama chini. Nilidhani ananisikiliza. Nilipotua kuvuta pumzi, nikaona midomo yake inatetemeka, na kwa kitambo kifupi sikuelewa mshindi hujisikiaje, maana sikujisikia kama mshindi.

Mjomba akakohoa. "Mpwa wangu amechagua, na neno lake limetoka. Basi aliyechukua chini ndiye atakayepandisha udongo. Kila utakapohitajika, mwaka wote. Andika na hilo, binti."

Binti akaliandika, neno kwa neno. Akanionyesha. Nikakubali, saa ilikuwa imebana. Jibu likaondoka saa sita ikiwa haijagonga. Pazi akauliza kama Ujerumani wana punda au mimi ndiye wa kwanza.

Safari iko salama. Nimeshinda. Nimechanganyikiwa kidogo kuhusu nilichoshinda.

Jumapili, 14 Julai

Bi. Gudrun amejibu. Namba moja ni yangu, namba mbili ya Editha. Ameguswa sana na ahadi ya udongo. Anasema duka la udongo liko mbali kidogo, mifuko yake ni mizito, naye amekwisha kumwarifu muuzaji kwamba atakuja bwana mmoja kutoka Afrika mwenye moyo wa kipekee.

Magreth amelima palepale. Nyumba zote mbili zimegeuka matuta. Nikaona nifanye jaribio la mwisho kuhusu mwanga: nikajifungia ghalani kwake, ambamo mna tundu moja ukutani, kiasi cha dirisha langu. Nikachora mlima. Nilipoutoa nje ulikuwa ng'ombe. Magreth ameusifu. Ameuliza wa nani.

Msinihurumie, waheshimiwa. Mtu wa fikra hakosi njia, na yangu nimeipata leo kanisani, wakati wa mahubiri. Ahadi ile waliyodhani wamenifunga nayo ndiyo mlango! Kila mfuko wa udongo utakaonipeleka juu utanifikisha kwenye dirisha lile. Nitafika nimechoka. Mtu aliyechoka hafukuzwi. Nitaomba kupumzika kidogo, nitapumzika hadi jioni, na kwa bahati tu nitakuwa na brashi mfukoni. Nitautumia mwanga wake mwaka mzima bila yeye kugundua!

Baada ya misa nilimpeleleza, kwa tahadhari. Nikamuuliza udongo atauweka wapi huko juu. Akasema mlangoni tu, karibu na ngazi. Dirishani hataweka kitu. Amekwisha kumwomba Bi. Gudrun amtafutie kiti cha kukaa hapo, na meza ya kuchorea, kwa ajili ya mtu atakayepanda amechoka.

Maskini binti wa watu. Hana habari kabisa.