Kichwa cha Mwalimu Wangu wa Kihindi

Wenzangu wa Bukoba, leo nimejiaibisha mjini Kigali mchana kweupe, mama mkwe akishuhudia. Mkicheka, chekeni polepole.

Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi India. India! Mimi! Nikikumbuka naruka. Tatizo ni Keza wangu, hata kutembea bado. Mama mkwe alishakata shauri: "Mutoto abaki Kabuga kwangu. Iko maziwa. Huko India wewe hata salamu hujui. Mutoto akiugua, utasema na nani?"

Nikawaka. (Hasira zangu mnazijua.) Nikamwambia nitajifunza Kihindi kabla ya kuondoka, na atakuja kukisikia kwa masikio yake.

Mwalimu nikampata: Ramesh, muuza vitambaa. Kila nikitoka sokoni napita dukani kwake, Keza mgongoni, najaribu sentensi mbili tatu. Lakini mwalimu gani yule! Nikisema tu, anatikisa kichwa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku anatabasamu. Nimekosea tena! Nageuza maneno. Anatikisa. La mwisho naliweka mwanzo, la katikati nalitupa, mpaka kichwa kinatulia na macho yanamtoka. Hapo najua nimepatia. Narudi zangu nyumbani Niboye, nakariri hiyo hiyo juu ya karai la nguo.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Dada yake Ramesh amekuja kumtembelea, na ndiye nitakayepanga kwake huko India. Nikamvalisha Keza gauni jipya, nikamchukua mama mkwe, tukaingia dukani. Nikakunja mikono kwa heshima, nikamwaga Kihindi changu chote bila kupumua.

Yule dada akamtazama kaka yake. Hata mteja aliyekuwa anajipimia kitenge akaacha.

Sikujali! Nikamwambia Ramesh, "Muulize basi kama nije na mtoto."

Akamuuliza. Yule dada akamtazama Keza, akatabasamu, akatikisa kichwa. Kulia, kushoto.

Yebaba we! Anamkataa mwanangu huku anacheka?

"Basi kaa na nyumba yako!" nikapayuka. "Mwanangu si mzigo! Hata mkinipa bure siitaki!" Keza akaangua kilio. Nikamkumbatia, mimi huyoo mlangoni.

"Mama Keza!" Ramesh akaniita. "Unakwenda wapi? Amekubali!"

"Amekubali wapi? Si ametikisa kichwa!"

"Sisi tukitikisa hivi ni ndiyo." Akatikisa.

Nikageuka. "Na mimi je? Siku zote zile?"

"Ulikuwa unasema vizuri sana! Halafu unaharibu mwenyewe. Nikadhani unatania, nikanyamaza."

Jamani! Kihindi chote kizuri nimekitupa, nimebaki na makapi. Na makapi yenyewe nimeyakariri!

Mama mkwe alicheka mpaka akashika robota la vitambaa asianguke. Yule dada akanikalisha, akampakata Keza, na Keza (msaliti) akanyamaza papo hapo. Tukaanza upya, kuanzia jina langu.

Njiani kurudi nikamwambia mama mkwe, "Umeona mwenyewe, mama. Wanampenda. Sasa Keza naenda naye?"

Alinitazama, akatabasamu, akatikisa kichwa. Kulia, kushoto.

Nimeamua hiyo ni ndiyo.