Suruali ya Harusi na Begi la Kilimambogo

Jumamosi, 10 Agosti 1996

Suruali haifungi! Wiki mbili tu zimebaki niingie kanisani na Mbinya, na kifungo na tundu lake vinatazamana kama majirani waliokosana. Suti nilijichagulia mwenyewe Gikomba. Kamera, yaani chaguo la kwanza, mtumba ulifunguliwa mbele ya macho yangu. Muuzaji aliapa kwamba itanyooka nikishaivaa. Mwongo!

Nimempelekea Nerima, fundi wetu hapa Komarock. Akaigeuza ndani nje, akasema hakuna kitambaa cha kuachilia. Ama nipungue, ama atie kiraka nyuma. Kiraka! Mimi Mativo, karani wa stoo, mwenye tai nne! Nikakataa katakata.

Lakini ninaogopa, kusema kweli. Sisi Wakamba tuna haya kubwa na mama mkwe. Mimi nikimwona njiani huchepuka. Siku ya harusi atakaa benchi la mbele, nami nitapiga magoti nimempa mgongo. Suruali ikipasuka hapo, afadhali ardhi inimeze.

Jumatatu, 12 Agosti

Wokovu! Mandazi ya leo yalifungwa kwa ukurasa wa jarida la ng'ambo. Unaeleza kalori anazochoma mtu akipanda mlima na begi mgongoni. Mzigo ukizidi, kalori nazo huzidi. Na vijana wa kanisa wanapanda Kilimambogo Jumamosi hii!

Nimemweleza Kabiru, msimamizi wangu wa harusi. Yeye hula kuliko sisi sote na bado ni mwembamba kama ufito. Akaniuliza kwa nini nisiache chapati tu. Wivu. Nikakaa nikapiga hesabu, nikamaliza mandazi yote, maana hesabu za tumbo tupu hukosea.

Jumatano, 14 Agosti

Begi nimepata. La turubai, rangi ya buluu, lina kijimfuko cha zipu. Kabiru ananishauri nilijaze mawe. Huyu naye! Nani atoke na mawe Komarock ayapeleke mlimani, kana kwamba kule hayapo?

Nimekwenda Kiamaiko kwa Hashi, mchinjaji. Nimeagiza mguu mzima wa mbuzi na mbavu, vichomwe Ijumaa. Tukajaribu uzito kwa nyama mbichi kwanza. Alilitundika begi kwenye mizani ya ndoano, mshale ukashuka vizuri sana. Akauliza ni sherehe ya nani. Nikajibu ni mazoezi ya kupunguza tumbo. Akaita wenzake waje wanione.

Jioni Mbinya amepita kunijulia hali. Eti mama yake amenunuliwa miwani mipya, sasa anaona hadi ng'ambo ya bonde. Kwa nini sasa? Kwa nini isingengoja Septemba?

Jumapili, 18 Agosti

Siwezi kuketi. Siwezi kusimama. Naandika nimelala kifudifudi.

Jana nilipanda kweli. Kanda za begi zilinikata mabega, jasho likaniingia machoni, hata wazee wa kanisa waliotusindikiza wakanipita wakiimba. Katikati ya mlima nilipiga hesabu nikaona nimeshachoma ubavu mmoja mzima. Nikaula. Kona iliyofuata, ubavu mwingine. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli kilikuwepo.

Kabiru akanikuta chini ya mti, akasema begi sasa ni jepesi, kwa hiyo kalori zimepungua. Nikamfafanulia kwa upole kwamba mzigo haukupungua. Umehama tu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Kilo ni zile zile, na anayezipandisha ni mimi yule yule. Tulipofika kileleni mguu ulikuwa umebaki mfupa.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeijaribu suruali. Sasa hata zipu imegoma! Juzi kifungo peke yake, leo wamekuwa wawili. Sielewi. Hesabu nimezirudia mara tatu na ziko sawa. Lazima kitambaa kimenywea.

Nilikwenda kwa Nerima. Alicheka mpaka akaegemea cherehani. Akasema kitambaa cha kijivu hana, na kingine chochote alicho nacho mwili huu utakirarua. Kisha akaliona begi begani mwangu. Akalipapasa. Akachukua mkasi. Nilifumba macho.

Ijumaa, 23 Agosti

Inafunga! Koti linafunika kiraka chote cha turubai, mradi nisiiname. Lakini nitapiga magoti. Ee Mungu, nitapiga magoti! Nimemwomba Kabiru asimame nyuma yangu karibu kabisa. Akasema ataangalia. Ataangalia nini, hakusema.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeoa. Basi.

Mchungaji alisema tuinamishe vichwa. Nikainamisha, koti likapanda. Halafu kicheko kikaanzia nyuma ya kanisa na kuja mbele benchi kwa benchi. Nerima, kwa haraka yake, alikuwa ameacha kile kijimfuko, katikati kabisa, na zipu yake inang'aa. Kabiru alikuwa anaangalia maua.

Nilijua nimekwisha. Nikageuza jicho. Mama mkwe alikuwa amevua miwani mipya, akaikunja, akaitia mkobani, na hakuivaa tena mpaka keki ilipokatwa. Nilitaka kulia. Mbinya mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia yeye, kumbe anacheka hadi nadhiri yake ikatoka vipande vipande. Lakini ilitoka. Wajomba zake wamenitoza mbuzi wa kuniondolea aibu. Hashi amefurahi.

Leo nimewaza jambo ambalo Kabiru hawezi kuliwaza. Begi ningali nalo nyuma, limeteremka kidogo tu. Kwa hiyo jana, kuanzia ngazi za kanisa hadi kucheza na wakwe, nilikuwa napanda na begi. Ndiyo maana nina njaa hivi! Nimemwambia Mbinya aongeze chapati, na suruali sivui.

Mzigo ukizidi, kalori huzidi. Nimekipima kile kijimfuko. Ubavu mmoja wa mbuzi unaingia na zipu inafunga.